Nimepeleka moja, Python yasema tatu: kuyafuatilia makosa ya idadi ya agumenti

"Shikamoo, ami."

Nilikuwa barazani baada ya Isha, umeme umerudi punde tu. Kijana wa Langoni, hapa Lamu, anayeandika kwa lugha ya Python programu ya tikiti za boti za Shela na Mokowe akaketi, akaweka laptopu baina yetu. Nikamwitikia marahaba.

"Ami, hii Python haijui kuhesabu."

```
TypeError: Tikiti.lipa() takes 2 positional arguments but 3 were given
```

"Nimepeleka kitu kimoja," akasema, huku akiugusa mstari wenyewe kwa kidole: `tikiti.lipa(1,500)`. "Shilingi elfu moja na mia tano, basi. Yenyewe yadai inataka mbili, na ati mimi nimeipa tatu. Hiyo ya pili ni ipi, na ya tatu imetoka wapi?"

Swali lake lilikuwa ndilo, na wengi hawalifikii. Wengi wakiona kosa la namna hii huanza kuongeza na kupunguza vitu ndani ya mabano mpaka kosa linyamaze, na likinyamaza hawajui lilinyamazia nini. Makosa mengi ya aina hii humalizwa kwa kuhesabu vidole kabla hujagusa kibodi.

Tuyatenge maneno mawili kwanza. Parameta ni nafasi ambayo fanksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina lake, imejitengea ilipoandikwa. Agumenti ni kile unachokitia katika nafasi hiyo unapoiita. Katika mazungumzo watu huyachanganya na hapana anayeumia, lakini hapa ndipo penye ugomvi wenyewe: nafasi ni ngapi, na waliofika ni wangapi.

Namba tatu, si mbili

Ujumbe wa kosa unakupa namba mbili: zinazotakiwa (`takes`) na zilizofika (`were given`). Ya tatu haimo kwenye ujumbe, ni ile unayoamini wewe kuwa umepeleka. Iandike kando, hata kwenye kiganja. Mashine haikosei kuhesabu zilizofika. Kwa hiyo ikiwa zilizofika na unazoamini hazilingani, kuna kitu kimepanda njiani bila wewe kukiona, na ukubwa wa tofauti ndio unaokuambia ni kitu gani.

Zimezidi kwa moja kila unapoita? Tafuta `self`, au tukio la kitufe. Zimezidi kwa idadi inayobadilika kila neno linapobadilika? Tafuta koma. Zilizofika ni sawa na ulizopeleka, ila fanksheni inataka idadi nyingine? Basi huenda unaita fanksheni siyo. Kijana wangu alikuwa na mbili, tatu na moja: zimepanda mbili asizozijua. Tuzishushe moja moja.

Imezidi moja: nahodha naye ana kiti

```python
class Boti:
    def pakia(abiria):
        print("Wamepanda", abiria)

b = Boti()
b.pakia(8)
```

```
TypeError: Boti.pakia() takes 1 positional argument but 2 were given
```

Boti ya abiria wanane hubeba watu tisa. Nahodha halipi nauli wala hayumo kwenye orodha ya tikiti, lakini kiti anacho. Python nayo, unapoandika `b.pakia(8)`, huigeuza ikawa `Boti.pakia(b, 8)`: kitu chenyewe, yaani `b`, hupelekwa mbele ya agumenti zako zote. Fanksheni iliyo ndani ya klasi, yaani mchoro wa kutengenezea vitu, sharti iwe imemwekea nafasi:

```python
    def pakia(self, abiria):
```

Neno `self` lenyewe ni mazoea tu. Ukiandika `nahodha` badala yake, Python haitalalamika, ingawa wenzako watakaousoma msimbo huo watalalamika. Na kama fanksheni haina haja ya kitu chenyewe, weka `@staticmethod` juu yake na nahodha atabaki jeti.

Kuanzia Python 3.10 ujumbe hutaja jina la klasi pamoja na fanksheni, `Boti.pakia()`. Matoleo ya nyuma yaliandika `pakia()` peke yake, na ukiwa na klasi tano zenye `pakia` unabaki kupapasa. Ukiona ujumbe usio na jina la klasi kwenye mashine ya mteja, uliza toleo kwanza.

Kosa hili lina ndugu yake wa kinyume, na huyo ndiye mwenye hila zaidi. Tuseme umeshaiandika `pakia(self, abiria)` vizuri, halafu ukasahau mabano ulipotengeneza boti:

```python
b = Boti
b.pakia(8)
```

```
TypeError: Boti.pakia() missing 1 required positional argument: 'abiria'
```

Utaapa kwamba abiria umewapeleka, na kweli umewapeleka. Ila `b` hapa si boti, ni mchoro wa boti, na mchoro hauna nahodha. Kwa hiyo ile 8 imekwenda ikaketi kwenye kiti chake, na kiti cha abiria kikabaki kitupu. Ukiambiwa kwamba kile hasa ulichokipeleka ndicho kilichokosekana, rudi nyuma kwenye mstari uliokizalisha kitu chenyewe, utazame mabano. Marekebisho ni `b = Boti()`.

Wa tatu katika ukoo huu ni mfupi wa maneno:

```
TypeError: Boti() takes no arguments
```

Una hakika umeandika `__init__` yenye parameta tatu. Itazame tena kwa karibu. Mara tisa kwa kumi utaikuta `_init_`, mstari mmoja wa chini kila upande badala ya miwili, au `__int__`. Kwa Python hizo si `__init__`, kwa hiyo haina habari nazo unapotengeneza boti.

Koma ya maelfu

Sasa ile ya tatu ya kijana wangu. Kwenye risiti, kwenye daftari la duka, kwenye ubao wa bei, elfu moja na mia tano huandikwa 1,500. Mkono umezoea. Lakini ndani ya mabano ya fanksheni, koma haina maana ila moja tu: hapa agumenti imekwisha, nyingine yaanza. `tikiti.lipa(1,500)` ni kitu chenyewe, moja, na mia tano. Hizo ndizo tatu zake.

"Kwa hiyo ningeandika 1500 ingekwenda?"

Ingekwenda. Na kama macho yanataka kitu cha kuyapumzisha, tangu Python 3.6 unaruhusiwa kuandika `1_500`, na kwa Python hiyo ni namba moja.

Yeye kosa hili lilimpigia kelele, akashukuru Mungu. Mimi halikunipigia. Katika programu niliyomwandikia mwenye boti mmoja, fanksheni ilikuwa hivi:

```python
def lipa(self, kiasi, punguzo=0):
    return kiasi - punguzo
```

Ile `punguzo=0` maana yake ni kwamba agumenti ya pili si lazima. Mpelekee `lipa(1,500)`, hatapiga kelele: kiasi ni 1, punguzo ni 500, na jibu ni -499. Hiyo angalau ina alama ya kutoa mbele yake, mtu ataishtukia. Mbaya ni `lipa(2,000)`. Python inakataa namba nzima inayoanza na sifuri, kama 050, na itakutupia kosa la sarufi hapohapo. Lakini sifuri tupu zikifuatana, 000, inazikubali: ni sifuri. Basi kiasi kikawa 2, punguzo 0, na tikiti ya shilingi elfu mbili ikaingia kitabuni kwa shilingi mbili, bila onyo lolote. Niliigundua wakati wa kufunga hesabu na mwenye boti, yeye na daftari lake la mkono, mimi na skrini, na daftari ndilo lililokuwa na haki.

Tangu hapo, fanksheni yoyote inayoshika fedha naiandika na nyota:

```python
def lipa(self, kiasi, *, punguzo=0):
```

Nyota hiyo inasema kila kilicho baada yake sharti kitajwe kwa jina. Anayetaka punguzo ataandika `lipa(2000, punguzo=200)`. Anayeteleza na koma atapata kosa papo hapo. Msaada mwingine ni programu ya kupanga msimbo, kama Black. Hiyo huweka nafasi baada ya kila koma, na ukiona `lipa(2, 000)` mbele yako huwezi kuisoma tena kama elfu mbili.

Nyota hiyohiyo ikiwa imewekwa na mtu mwingine, kwenye maktaba usiyoiandika wewe, huleta ujumbe unaokanganya: fanksheni ina parameta nne ukizihesabu kwenye maelezo yake, na bado inadai `takes 1 positional argument but 2 were given`. Neno la kushika hapo ni `positional`. Inahesabu tu zile zinazopokewa kwa nafasi. Zilizo baada ya nyota hazimo kwenye hesabu. Zitaje kwa majina, yaishe.

Idadi inafuata urefu wa neno

Hili nalipenda, kwa sababu ujumbe wake ni kama kitendawili na jibu limo ndani yake.

```python
import threading

def tuma(mahali):
    print("Ujumbe umeenda", mahali)

for m in ["Shela", "Mokowe", "Matondoni"]:
    threading.Thread(target=tuma, args=(m)).start()
```

Yanatoka makosa matatu, na kila moja na namba yake:

```
TypeError: tuma() takes 1 positional argument but 5 were given
TypeError: tuma() takes 1 positional argument but 6 were given
TypeError: tuma() takes 1 positional argument but 9 were given
```

Ukikimbiza fanksheni hutapata kitu. Fanksheni haina ubaya. Zitazame namba: tano, sita, tisa. Shela ina herufi tano. Mokowe sita. Matondoni tisa.

Kilichotokea ni hiki. `args` inataka furushi la agumenti, kile Python inachokiita `tuple`, ifungue na kuzigawa moja moja kwenye nafasi. Wewe umedhani mabano ndiyo yanayofanya furushi. Siyo. Mabano peke yake ni kama mabano ya hesabu, hayaongezi kitu: `(m)` ni `m`. Kinachofanya furushi ni koma. Kwa hiyo ilipewa neno "Shela", ikalifungua kama furushi, na neno likifunguliwa hutoa herufi: S, h, e, l, a. Marekebisho ni alama moja:

```python
args=(m,)
```

Koma ile inaonekana kama mtu amesahau kumalizia, na wasiojua huifuta wakidhani wanasafisha. Kama inakukera, andika `args=[m]`. Inafanya kazi ileile na haifutiki kwa bahati mbaya.

Kinachoongeza utata ni mlolongo wa kosa, ile orodha ndefu ya mistari juu ya ujumbe. Humo hutaona mstari wako hata mmoja, mna faili za `threading` tu, kwa sababu fanksheni iliitwa na thredi (kazi inayokwenda sambamba na programu yako), si na wewe. Mtu akiona hivyo hudhani Python yenyewe imeharibika. Likitokea, tafuta kwenye msimbo wako mahali ulipomkabidhi mwingine fanksheni yako aiite baadaye.

Kwenye hifadhidata ya SQLite kosa ni lilelile, limevaa kanzu nyingine:

```python
cur.execute("INSERT INTO vituo VALUES (?)", ("Matondoni"))
```

```
sqlite3.ProgrammingError: Incorrect number of bindings supplied. The current statement uses 1, and there are 9 supplied.
```

Tisa tena. Dawa ni `("Matondoni",)`.

Na uogope siku hesabu zitakapolingana. Ukiwa na swali lenye alama tatu za `?` na ukampelekea `("Amu")`, A, m na u zitaingia kila moja kwenye safu yake, hapana kosa, na utakuja kushangaa ni nani aliyejaza jedwali kwa herufi.

Koma iliyodondoka

```python
def safari(kutoka, kwenda, saa):
    ...

safari(
    "Lamu"
    "Mokowe",
    "saa mbili",
)
```

```
TypeError: safari() missing 1 required positional argument: 'saa'
```

Saa unaiona pale, imeandikwa. Kilichokosekana ni koma baada ya "Lamu". Stringi mbili (maneno ndani ya alama za nukuu) zikifuatana bila kitu kati yake, Python huziunga zikawa moja, "LamuMokowe", kisha kila kilichofuata kikasogea kiti kimoja mbele, na kiti cha mwisho ndicho kilichobaki wazi. Ujumbe huitaja parameta ya mwisho, ilhali hitilafu i mwanzoni. Kwa hiyo ukiona upungufu, usitazame tu ile iliyotajwa. Soma orodha yote tokea juu, hasa mwisho wa kila mstari.

Vitufe

Fupi. Katika Tkinter, maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha, `command=hesabu` huiita fanksheni yako bila kuipa chochote. `bind("<Button-1>", hesabu)` huiita na kuipa tukio lenyewe. Ukiihamisha fanksheni kutoka ya kwanza kwenda ya pili utapata `hesabu() takes 0 positional arguments but 1 was given`. Andika `def hesabu(tukio=None):` nayo itatumika kotekote. Na ukiona fanksheni imekimbia yenyewe dirisha linapofunguka, kisha kitufe hakifanyi kitu, uliandika `command=hesabu()`. Toa mabano.

Jina lilelile, mtu mwingine

Sasa ile hali ngumu zaidi: umepeleka mbili, mashine inakubali umepeleka mbili, na fanksheni uliyoiandika kwa mkono wako inataka mbili. Bado inakataa, yasema inataka moja. Hapo usibishane nayo. Unaemwita siye.

Sababu ya kawaida ni kuwa jina limetumika mara mbili kwenye faili moja. Python haina desturi ya kuchagua fanksheni kwa idadi ya parameta kama Java. Ya mwisho kuandikwa ndiyo inayobaki, ya kwanza imefutika kimya. Ukitaka njia mbili za kuita, tumia thamani za awali, au majina mawili.

Sababu ya pili ni kuingiza kila kitu kwa nyota. Mfano ambao umewatoa watu jasho:

```python
from os import *
f = open("tikiti.txt")
```

```
TypeError: open() missing required argument 'flags' (pos 2)
```

`open` ya kila siku haidai `flags`. Lakini moduli ya `os` ina `open` yake, ya chini kwa chini, na nyota imeileta ikakalia ile uliyoizoea. Andika `import os` na uite `os.kitu`.

Sababu ya tatu ni maktaba iliyopandishwa toleo ikabadilisha parameta zake, na wewe unasoma maelezo ya toleo jingine. Usiyaamini maelezo, iulize fanksheni yenyewe iliyo mbele yako:

```python
import inspect
print(inspect.signature(tuma))
print(tuma.__code__.co_filename, tuma.__code__.co_firstlineno)
```

Mstari wa pili unatoa orodha ya parameta zake, wa tatu unatoa faili na namba ya mstari alikozaliwa mwenye jina. Mara nyingi jina la faili pekee linatosha kumaliza mjadala.

Kuna mahali pamoja ambapo hata `inspect.signature` itakupoteza: dekoreta, yaani fanksheni inayoifunika fanksheni nyingine. Tazama:

```python
def andika_logi(f):
    def ndani():
        print("naanza", f.__name__)
        return f()
    return ndani

@andika_logi
def funga_safari(namba):
    print("Safari", namba, "imefungwa")

funga_safari(7)
```

```
TypeError: andika_logi.<locals>.ndani() takes 0 positional arguments but 1 was given
```

Ujumbe huu ni wa huruma, unakupa jina la mkosaji: `ndani`, na `<locals>` ni alama kwamba amezaliwa ndani ya fanksheni nyingine. Dekoreta imelifunika lile fanksheni la kwanza kwa kifuniko kisicho na tundu la kupitisha agumenti. Kifuniko kizuri hupokea chochote na kukipitisha kilivyo:

```python
    def ndani(*args, **kwargs):
        print("naanza", f.__name__)
        return f(*args, **kwargs)
```

Ila waandishi wazuri wa dekoreta huongeza `functools.wraps`, ambayo humvisha `ndani` jina la fanksheni aliyoifunika. Ikiwa wameiongeza hiyo na wakasahau `*args`, ujumbe utasema `funga_safari() takes 0 positional arguments`, ilhali unaiona `namba` kwa macho yako. Na `inspect.signature` itakuunga mkono, itasema `(namba)`, kwa sababu hupenya kifuniko na kusoma kilichomo. Mashahidi wawili, kila mmoja na lake. Wa kuaminiwa hapo ni `funga_safari.__code__.co_name`. Huyo atakujibu `ndani`, nguo aliyovaa isimbabaishe.

Kwa wanaoandika JavaScript na PHP

JavaScript haina kosa la idadi ya agumenti kwa fanksheni unazoziandika wewe. Msifurahi. Ukipeleka pungufu, zilizokosekana huwa `undefined`. Ukizidisha, zilizozidi hutupwa. Dalili yake haiji kama ujumbe, huja kama `NaN` (si namba) kwenye risiti ya mteja, hatua kumi mbele ya mahali penye kosa.

Mfano uliokaribu na jeti. Nauli tatu zimesomwa kutoka faili, zote ni stringi, unataka namba:

```javascript
["100", "100", "100"].map(parseInt)
// [100, NaN, 4]
```

Mia moja, si namba, nne. Chanzo ni kwamba `map` haipeleki kitu kimoja kama unavyodhani. Hupeleka vitatu: thamani, nafasi yake kwenye orodha, na orodha yenyewe. `parseInt` nayo hupokea viwili: stringi, na msingi wa namba. Basi nafasi ikageuka msingi. Ya kwanza ilipewa msingi 0, ambao huchukuliwa kama haukutajwa, ikatoka salama. Ya pili ikapewa msingi 1, ambao haupo. Ya tatu ikasomwa kwa msingi wa 2, na 100 kwa msingi wa mbili ni nne. Kwa sababu ya kwanza hutoka sawa, mtu hujaribu kwa nauli moja, akaona yuko sawa, akalala. Andika `.map(n => parseInt(n, 10))` au `.map(Number)`. TypeScript, ile JavaScript inayokagua aina za thamani, itakukamata ukipeleka pungufu kwenye fanksheni yako mwenyewe, lakini hii ya `map(parseInt)` itaipitisha, maana kwa aina zake haina kasoro.

PHP iko katikati. Tangu 7.1, fanksheni yako ikipewa pungufu hutupa `ArgumentCountError`, na ujumbe wake ni mzuri kuliko wote: unataja faili na mstari ulioita. Zilizozidi huzinyamazia kwa fanksheni uliyoiandika wewe. Kwa zile za PHP yenyewe, tangu toleo la 8, hutupa kosa.

Mlango usiomkataa mtu

Ukiwa umehesabu na bado hujui kilichopanda ni nini, acha kukisia. Weka mahali pa fanksheni yako nyingine inayopokea kila ajaye na kukutajia:

```python
def chungulia(*args, **kwargs):
    print(len(args), args, kwargs)
```

Ipeleke popote ulipokuwa ukipeleka yako: kwenye `target=`, kwenye `bind`, ndani ya dekoreta. Haiwezi kukataa kwa sababu ya idadi, kwa hiyo badala ya kosa utapata orodha ya waliofika, mmoja mmoja, kwa sura zao. Kwenye JavaScript ni `(...a) => console.log(a.length, a)`.

Nilimwonyesha kijana hiyo mwisho, akainukuu, akaenda zake na laptopu kwapani. Siku ya pili yake mchana simu ikalia: ameongeza kituo kipya kwenye programu yake ya ujumbe, na akanitumia picha ya skrini bila salamu wala swali:

```
11 ('K', 'i', 'z', 'i', 'n', 'g', 'i', 't', 'i', 'n', 'i') {}
```

Chini yake ameandika: "Koma, ami. Nishaiweka."